Kigae cha Langoni

4 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu wewe unajua maneno mawili tu, "tupo salama," halafu unampa Mama Mdogo. Barua huwezi kumpa mtu.

Mimi sijambo. Chumba chetu cha kukarabati nyaraka kiko chini kabisa ya jengo, hakina dirisha, taa zake ni nyeupe na zimetulia, na mtu akikohoa wote tunageuka. Wiki hii nimepewa ramani ya zamani ya mto ambao siku hizi haupo. Naulowesha mkunjo mmoja kwa brashi, naukandamiza kwa karatasi ya kufyonza, nangoja, naenda mkunjo wa pili. Nikikaa saa nzima hivyo napotea, Baba. Naanza kuhisi maji yanapita chini ya viganja vyangu. Juzi Mkuu wa Karakana alinigusa bega akasema, "Wewe, rudi, umefika mbali." Kweli nilikuwa mbali. Nilikuwa kwenye meza yetu ya chakula.

Ndiyo sababu ya barua hii. Mji wa Mama, ule wa mchezo wetu, bado uko mezani? Mwezi ujao utatimia mwaka tangu atutoke, na vigae vyake vyote mia na kumi viko vile vile tulivyoviacha siku ya mwisho ya kucheza. Vumbi linavila. Jua la dirisha la jikoni linavila. Kadibodi si jiwe, na rangi zile alizipaka kwa mkono wake.

Nakuomba uvihifadhi, na nitakwambia jinsi. Kwanza panda kiti upige picha meza nzima (shika ukuta, tafadhali, goti lako nalijua). Halafu anza pembeni, inua kimoja kimoja, andika namba ndogo kwa penseli laini kwenye ukingo, ili siku moja tukitaka kuupanga tena mji usikose hata uchochoro. Vigae vya vyumba viwe na bahasha yao, vya njia yao, vya maji yao. Bahasha za karatasi, si za nailoni, maana nailoni inafuga unyevu. Usifunge kwa mpira, ukizeeka unang'ata kadibodi. Vilaze kwenye droo ya juu ya kabati, mbali na ukuta wa bafu.

Na tafadhali usisome nyuma yake. Nyuma ni mali ya msimulizi.

Binti yako,
Chiriku

19 Februari

Chiriku wangu,

Marahaba, marahaba sana. Barua yako imenikuta nimeshamaliza kazi. Tena kazi safi, ungekuwepo ungenipigia makofi.

Wewe unajua bahasha, mimi najua sakafu. Miaka thelathini na mbili nimeweka vigae kwenye mabafu na kumbi za watu, na ninachojua ni kwamba kitu usichotaka kitembee unakigandisha. Basi nimeugandisha mji wa mama yako. Nilileta ubao mzito, nikaupima kwa pima maji, nikapaka gundi, nikahamisha kigae kimoja kimoja na kukiweka palepale kilipokuwa. Mianya yote milimita moja, nimeiziba kwa saruji nyeupe nyembamba, juu nikapitisha vanishi mara mbili. Sasa hata tetemeko lije, mji hauendi popote. Mama yako Mdogo alipoingia alishika mdomo. Sijui kama ni furaha.

Nikwambie kitu ambacho sikuwahi kukwambia. Nyinyi mlipokuwa mkicheza, mimi niliona ni mambo ya kitoto. Watu wazima watatu wamezunguka meza, mmoja anasimulia, wawili wanarusha dadu na kujifanya wezi na wasafiri! Kazi yangu ilikuwa kukata kadibodi tu, inchi nne kwa nne, kwa sababu mama yako alikuwa anakata kama anakata mkate. Lakini siku hizi, saa kumi na moja jua likiingia, vanishi inang'aa na mji wote unaonekana umelowa, kama kweli uko chini ya ziwa kama alivyokuwa akisema. Nakaa na chai yangu. Macho yanashuka Ngazi za Mvua, yanakata Soko la Kengele, yanapita daraja lile asilolipaka kingo. Chai inapoa. Nikishtuka nasikia miguu imechoka, wallahi.

Kisanamu chako cha bati kiko pale pale, mbele ya lango la mwisho. Hicho sijakigandisha, usiogope.

Baba yako,
Fundi

2 Machi

Baba,

Shikamoo. Umefanya nini, Baba? Barua yako nimeisoma nimesimama ngazini na nikashindwa kupanda wala kushuka.

Najua hukuwahi kucheza, kwa hiyo si kosa lako, na najua ulifanya kwa mapenzi. Ngoja nikueleze taratibu. Mama alikuwa msimulizi mkali. Nyuma ya kila kigae aliandika kwa kalamu siri ya chumba kile: nani yuko ndani, hatari ni ipi, atakayeingia atakutwa na nini. Sheria yake ilikuwa moja, hakuna kugeuza kigae hata kimoja mpaka hadithi iishe. Siku ya mwisho tungevigeuza vyote pamoja, alasiri nzima, tusome na tucheke. Siku hiyo haikufika. Maneno yake yote yako chini ya gundi yako.

Yote nayataka, lakini kuna moja siwezi kuishi bila kulijua.

Unakumbuka Jumapili ile kabla sijaondoka? Wewe ulikuwa uani. Kisanamu changu kilikuwa kimefika lango la mwisho, nimeshika dadu mkononi, ndipo nikamwambia Mama kwamba nimepata nafasi ya mafunzo huku. Alininyang'anya dadu, akaifunika kwa kikombe. Akasema, "Basi, mchezo umekwisha." Nami kwa hasira nikamjibu, "Ni makaratasi tu, Mama." Makaratasi tu! Na tazama leo ninachokula kinatoka wapi. Hakunijibu. Hata gari lilipokuja kunichukua hakunijibu, alinishika tu mkoba. Miezi miwili baadaye ukanipigia simu ile ya msiba.

Mama hakujua kuficha hasira mezani. Mama Mdogo akichelewa kuja, mtu wake wa mchezoni anajikuta kisimani. Kwa hiyo kama aliniacha na kinyongo, kiko nyuma ya kigae cha langoni. Nataka kujua, hata kama ni kibaya. Afadhali nijue kuliko hiki kimya. Nakisikia nikipiga mswaki, nakisikia nikishika brashi.

Je, vinatoka?

Chiriku

15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Pole. Pole sana, mama. Sikuwa na habari ya maandishi hayo. Mimi nilipaka gundi macho yangu yakiwa kwenye mistari tu.

Vinatoka. Hakuna kigae nilichokiweka nisichoweza kukitoa, hilo nakuapia. Nimepiga hesabu siku mbili, nikapata njia: naweka kitambaa chenye mvuke pembeni mpaka saruji ilegee, halafu napitisha waya mwembamba chini yake, kidogo kidogo, huku navuta pumzi. Rangi ya juu inabanduka sehemu nyingine, na hapo moyo unauma, lakini nyuma wino umebaki. Mama yako alikuwa anakandamiza kalamu kama anadai haki yake. Hata pale gundi ilipolamba wino, nikipitisha kidole nasoma.

Mpaka leo nimetoa sita. Nakunakilia.

Ngazi za Mvua: "Asiyeshika ukuta ateleze. Akilalamika, ateleze tena."

Soko la Kengele: "Mdogo wangu ataiba hapa. Mwacheni aibe. Akirudi mara ya pili, kengele zote zilie." Nilimsomea shemeji akacheka mpaka akakaa chini, halafu akalia, halafu akadai alikuwa anajua.

Daraja: "Sijui kupaka kingo. Waseme ziliibiwa."

Na kuna chumba kidogo kaskazini, cha mraba, hakina kitu ndani, mlikipita haraka. Nyuma kimeandikwa: "Hiki Mzee alikikata huku anapiga mluzi. Chumba hiki kisiwe na hatari yoyote." Chiriku, nilikaa sakafuni. Miaka yote ile nilidhani hanioni nikiwa pale na kisu changu na rula. Nilimlilia upya, tena vizuri kuliko siku ya mazishi.

Viwili vingine ni vya maji, vimeandikwa "baridi" tu.

Cha langoni kimeshika sana. Tutaona.

Baba yako

28 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mpaka imelegea mikunjo, itabidi niikarabati. Jana nilimwambia Mkuu wa Karakana kuhusu waya na mvuke. Akauliza, "Baba yako anafanya kazi makumbusho gani?" Nikamwambia makumbusho ya mabafu. Anasema nikuulize kama unatumia waya wa chuma au wa shaba.

Usiku wa kuamkia leo nimeota niko ndani ya kile chumba chako cha mraba. Hakukuwa na mlango wala hofu, na mahali fulani nyuma ya ukuta mtu alikuwa anapiga mluzi. Nimeamka nimepumzika.

Sasa nisikilize. Mafunzo yangu yanaisha mwisho wa mwezi ujao. Mkuu amenipa mkataba wa miaka mitatu, kazi kamili, meza yangu mwenyewe. Amenipa mpaka tarehe kumi na mbili Mei kusaini. Baba, sitasaini. Kazi naipenda, sikudanganyi, naipenda kuliko kitu chochote nilichowahi kukishika. Lakini nilimwacha Mama kwa ajili yake, akafa tukiwa hatusemezani, na wewe unakunywa chai iliyopoa peke yako. Siwezi kukaa huku nikilainisha ramani za mito ya watu wengine. Narudi nyumbani kabla Mei haijaisha. Kigae cha langoni kikikushinda, kiache. Nitakitoa mwenyewe.

Chiriku

8 Aprili

Mwanangu mpenzi,

Marahaba mara mia! Barua yako nimeisoma mbele ya duka, nikamsomea na muuza duka, mtu ambaye hata hakuuliza. Nimeshapaka chumba chako rangi. Nimebadilisha na vigae vya chini, nimekuwekea vile vya bluu hafifu, ukiingia asubuhi unadhani unakanyaga anga. Kitanda nimekisogeza dirishani. Nitakuja kukupokea saa mbili kabla, usibishe.

Kigae cha langoni usikisumbukie. Gundi imekunywa mpaka ndani, nadhani hakina tena cha kusomeka. Tutakitazama pamoja ukija, bila haraka. Mambo ya zamani hayo.

Waya ni wa chuma. Wa shaba unapinda.

Baba yako mwenye furaha,
Fundi

9 Aprili

Mwanangu Chiriku,

Hujambo? Mimi Mama yako Mdogo, mzima, meno tu. Nasikia unarudi. Nimefurahi na sijafurahi, nitakwambia kwa nini siku nyingine, au nikwambie leo, maana mimi siri hunikaa tumboni kama pilipili.

Jana nilikwenda kwa shemeji kuitazama ile meza vizuri. Siku ile ya kwanza nilishika mdomo tu, maana nilidhani kachanganyikiwa. Sasa jana nikavaa miwani. Mwanangu, pale mbele ya kisanamu chako, mahali pa lango, hakuna kigae cha dada. Kuna kipande cha kigae cha bafu. Kijivu, cha kung'aa, kimekatwa inchi nne kwa nne. Dada yangu alipaka lango jekundu, nakumbuka alinikopa rangi ya kucha na hakuirudisha.

Nikamuuliza, "Shemeji, lango liko wapi?" Akaniuliza kama nataka chai. Nikasema nataka lango. Akaenda kuchemsha chai.

Mimi simo. Nimekwambia tu.

Mama yako Mdogo

19 Aprili

Baba,

Shikamoo.

Kigae cha langoni kiko wapi?

Binti yako

29 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Kiko humu ndani ya bahasha. Nimekifunga kwa karatasi, si nailoni, na sikutumia mpira. Kisome kwanza, halafu ndipo usome haya yangu. Nitakinakili hapa pia, maana posta nayo ina mambo yake:

"Lango. Hakuna mtego, hakuna mlinzi. Chiriku asirushe dadu, apite tu. Akishapita asirudi. Njia ya nyuma nimeifunga mwenyewe, asijisumbue kuitafuta. Mbele kuna nini sijui, sijawahi kufika. Ndiyo maana namtuma yeye."

Sasa nikueleze, na usinikatize.

Nilikudanganya. Niliposema sikuwa na habari ya maandishi, nilikudanganya. Wiki moja baada ya mazishi nilikuwa nafuta vumbi mezani, nikainua vigae viwili vitatu, nikaona mwandiko wake. Vingine niliviheshimu. Hicho kimoja nilikisoma kwa sababu kisanamu chako kilikuwa kinakitazama. Na nilikijua hata kabla ya kukisoma. Alikiandika asubuhi ile uliyoondoka, gari likiwa bado halijafika. Nilimkuta jikoni ameegemea friji, kalamu mkononi, anaandika huku anafuta macho kwa mgongo wa mkono. Nikamuuliza, "Si uende ukaagane na mtoto?" Akasema, "Nikifungua mdomo nitamwambia abaki." Hakukukasirikia hata kidogo, mwanangu. Dadu aliifunika kwa sababu aliogopa utarusha vibaya, naye alikuwa ameshaamua upite.

Hayo ningeweza kukwambia mwaka mzima uliopita. Umekaa na ule uzito mwaka mzima, na mimi dawa yake ninayo kwenye mfuko wa shati, nafua shati nahamisha kigae. Kwa nini? Kwa sababu ya neno "asirudi." Nilisema moyoni, mke ameondoka, na mtoto naye afungiwe njia ya nyumbani? Nikaona ukikisoma utatulia huko huko. Ukikaa na dukuduku, siku moja litakurudisha. Ndivyo nilivyofikiri, na sijivunii.

Ile kazi ya kugandisha, nusu yake ilikuwa mapenzi. Nusu nyingine nilikuwa nafunika. Nilijua siku moja utaniambia nivikusanye, nivihesabu, nivipe namba, na kimoja kitakosekana. Nikakata kigae cha bafu nikaziba. Fundi mzima, kazi ya kuficha, tena kwa kigae cha kijivu ambacho hata shemeji kakiona!

Sasa nimekaa jikoni. Chumba chako cha bluu kimekauka. Kila siku mchana nakifungua nakitazama, na nakiri kwamba kinapendeza kikiwa kitupu. Mwanangu, saini. Tarehe kumi na mbili haiko mbali. Usirudi kwa sababu ya kimya cha mama yako, maana hakikuwa cha hasira, na usirudi kwa sababu ya upweke wangu, maana huo nimekuwa nikiumwagilia mwenyewe ukue.

Nisamehe ukiweza. Usipoweza, niandikie hata hivyo.

Baba yako

10 Mei

Baba,

Shikamoo.

Siku mbili nilikuwa na hasira nawe ambayo sikujua ninayo. Niliongea peke yangu njiani, watu wakanipisha. Siku ya tatu nilikilaza kigae mezani kwangu kazini, chini ya ile taa nyeupe, nikapitisha kidole kwenye mwandiko wake kama ulivyosema, na hasira ikaniishia mkononi. Nililia mbele ya watu wote. Mkuu wa Karakana aliniletea karatasi ya kufyonza, akidhani machozi yameangukia ramani.

Nimesaini leo asubuhi. Nimekusamehe kabla ya kusaini, ili visichanganyike.

Nina vyumba viwili na jiko. Sakafu ya jikoni imeinuka, kila kigae kinacheza ukikikanyaga, na aliyeviweka anastahili kisima. Nakaa pale nakunywa chai jioni, nayo inapoa.

Kigae cha Mama nimekisoma mara nyingi kuliko siku zilizopita tangu kifike. Anasema mimi nisirudi. Nimetafuta mbele na nyuma, na pembeni pia, na hakuna mahali alipoandika kwamba wewe usije.

Njoo, Baba.

Chiriku wako